Dawa za Nguvu za Kiume: Pima, Andika, Kisha Pima Tena

Somo la mwezi huu tunalielekeza kwa akina baba, lakini akina mama nao wasiruke ukurasa huu. Hapa kwetu Mugumu, kama kwingineko nchini, wapo wanaotumia mkuyati, vumbi la Kongo au vidonge vya kopo vinavyosemwa kuongeza homoni ya kiume. Wengi humeza kwa siri. Je, mtu atajuaje kama dawa hiyo inamsaidia au inamdhuru?

Homoni ya kiume ni nini?

Jina lake ni testosteroni. Hutengenezwa hasa katika korodani, kwa amri itokayo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Huleta ndevu, sauti nzito, misuli, hamu ya tendo la ndoa na mbegu za uzazi. Baba akishapita miaka 30 au 40 hupungua polepole, wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwaka. Huo si ugonjwa.

Kupungua kwa nguvu mara nyingi hakutokani na homoni, bali mishipa ya damu na ya fahamu. Kisukari, shinikizo la damu, pombe, sigara na mawazo mengi ndiyo visababishi vya kawaida. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo tatizo likianzia huko laweza kuwa onyo la mapema la ugonjwa wa moyo. Anayemeza unga huku sukari ikipanda anapoteza muda wa kutibiwa.

Mzizi mmoja, matokeo mawili

Upo mzizi unaotafunwa, ambao Waluhya wa Kenya huuita mukombero na wataalamu huuita Mondia whitei. Watafiti wa Kameruni waliujaribu kwa panya. Katika taarifa yao ya mwaka 2004, panya waliopewa kwa siku chache waliongezeka testosteroni. Lakini katika taarifa ya mwaka 2001, panya waliopewa kwa karibu miezi miwili walipungukiwa mbegu, wakapona walipoachishwa. Binadamu si panya, lakini fundisho tunalipata: kinachoonekana wiki ya kwanza si lazima kiwe ndicho cha mwezi wa pili.

Hatua za kufuata

Hatusemi nendeni mkanunue. Lakini anayetumia tayari, au aliyekwisha kuamua, afanye hivi:

1. Apime kwanza: shinikizo la damu, sukari na uzito. Homoni hupimwa kwa damu inayotolewa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kwa siku mbili tofauti, kwa sababu asubuhi huwa juu. Kipimo hicho hutafutwa hospitali kubwa. Anayetafuta mtoto apime pia mbegu.

2. Awe na daftari. Aandike tarehe, jina la dawa, kiasi, saa na dawa nyingine anazotumia. Kila jioni aandike usingizi, maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo na hali ya tendo la ndoa. Mke amsaidie, naye huona mengi.

3. Abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Aliyeanza unga na kuacha pombe wiki hiyo hiyo hatajua kilichomsaidia ni kipi.

4. Asidanganywe na usiku wa kwanza. Tumaini peke yake humpa mtu nafuu kwa muda. Tena, dawa ya mitishamba ikifanya kazi ndani ya saa moja, ishukuni. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta bidhaa za namna hiyo zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali iliyoanza kuuzwa mwaka 1998. Anayetumia dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua akiimeza, shinikizo laweza kushuka ghafla hata akafa.

5. Apime tena baada ya miezi 3. Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, basi kupima mapema hakutoi jibu.

Jihadharini na sindano za testosteroni zisizoandikwa na daktari. Mwili ukipokea homoni kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani, na mbegu hupungua au hukoma. Baba anayetafuta mtoto anajifungia mlango mwenyewe.

Acheni mara moja

Acheni dawa na mwende hospitali mkiona haya: maumivu ya kifua, kuzirai, macho kuona vibaya au kuwa ya manjano, au uume kusimama zaidi ya saa 4. Chukueni daftari na pakiti au unga uliobaki. Msione haya, sisi wauguzi hatumcheki mgonjwa, na siri zenu hatuzitoi nje.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jioni ya leo, baba na mama waketi pamoja na kujibu maswali haya: Ni dawa gani zimo nyumbani mwetu? Shinikizo na sukari tulipima lini mara ya mwisho? Wasiokumbuka, waanze na hapo.