Dondoo muhimu: maua, ndege na simu yako Nairobi
Jua la Nairobi huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa nne limeshakuwa kali: ua jekundu linageuka doa tupu. Piga picha mapema, au ngoja mawingu ya Julai, ambayo kwa maua ni bora kuliko jua. Bonyeza ua kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge, kisha punguza mwanga kidogo.

Kwa upande wa ndege, chozi usimkimbize. Keti karibu na mshubiri uliochanua, hata uani kwako Lavington, umngoje, atarudi. Kwarara ni rahisi zaidi: hutembea nyasini akichokora udongo kwa mdomo wake mrefu, na makelele yake, ashukuriwe Mungu, hayaonekani pichani.

Jakaranda hupamba moto Oktoba na Novemba. Chuchumaa, upige maua yaliyotandazika lamini.

Bustani ya Arboretum, iliyoanzishwa 1907, inapakana na Ikulu. Upande wa Ikulu usielekeze kamera kabisa. Na katikati ya jiji, ukilenga mnara wa KICC, simama mbali na ukingo wa barabara: simu iliyoinuliwa juu hunyakuliwa upesi.