Pima Taka Kabla ya Kuzitupa

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ndoo tatu na daftari. Ndoo ya kwanza ni ya maganda: ndizi, viazi, mihogo, mashina ya mchicha, machicha ya nazi. Ya pili ni ya chakula kilichopikwa kikabaki. Ya tatu ni ya taka kavu, yaani chupa, makopo na karatasi. Kila jioni pima, ondoa uzito wa ndoo, andika. Endelea wiki nzima, na siku ya wageni usiiruke.

Katika miji ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya taka za majumbani hutoka jikoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata 2019, na zilikuwa hatua njema. Hata hivyo, uzito mkubwa wa taka ungali kwenye mabaki haya mabichi. Yakirundikwa kwenye dampo, kama Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam au Dandora la Nairobi, huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto.

Ndoo ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini. Ganda la muhogo halikwepeki, lakini wali unaomwagwa ulinunuliwa, ukachambuliwa, ukaungwa nazi na kupikwa kwa mkaa wa pesa. Daftari likionyesha ugali umebaki siku tatu mfululizo, punguza unga. Hakuna hatua nyingine inayookoa fedha haraka hivyo.

Maganda, isipokuwa ya mihogo, na machicha wape kuku au mbuzi, kama wapo. Yaliyosalia yafanye mboji: tabaka la maganda, juu yake majani makavu au maranda, nyunyiza maji kidogo, geuza kila wiki. Usitie nyama, samaki wala mafuta, utaita panya. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi isiyonuka. Mpangaji asiye na uwanja atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa, au ashirikiane na majirani.

Taka kavu zisizochafuliwa na mchuzi hununuliwa na watu wa chakavu. Betri zitenge peke yake. Plastiki usichome hata kidogo. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio wanaouvuta.

Mwezi ukiisha, pima wiki nyingine, kisha bandika hesabu zote mbili jikoni, mahali ambapo mpishi ataziona kabla hajapima mchele.