Maumivu ya mgongo: Mambo ya kutarajia kwa mtabibu wa viungo

Ndugu msomaji, msimu wa kilimo unapofika, wengi katika mkoa wetu wa Katavi huinama kutwa nzima. Huyu anapanda mpunga, yule anapalilia mahindi, mwingine yumo kwenye tumbaku. Jioni kiuno hakinyooki. Wapo wanaomeza dawa za maumivu za dukani bila kupimwa, na wapo wanaokimbilia kwa mchuaji.

Kutibu mifupa, viungo na misuli kwa mikono si jambo geni. Huko Marekani, Dk. Andrew Taylor Still alianzisha tiba ya namna hiyo mwaka 1874, ikaitwa ostiopathi. Mwaka 1892 akafungua chuo chake katika mji wa Kirksville. Hapa nchini, kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa na wataalamu wa fiziotherapia, ambao baadhi yao husomea KCMC, Moshi. Anzia hospitali au kituo cha afya, daktari akuelekeze.

Je, utarajie nini?

Kwanza, utaulizwa maswali. Maumivu yalianza lini? Uliinua mzigo au ulianguka? Yanashuka mguuni? Una ujauzito? Unatumia dawa gani? Usifiche jambo. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote.

Pili, utachunguzwa. Utaambiwa usimame, uiname, utembee, ulale na kuinua mguu. Huenda ukatakiwa kupunguza nguo ili mgongo uonekane. Vaa nguo pana, na una haki ya kufunikwa sehemu zisizochunguzwa. Dada au mama anaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke, au kuingia na mumewe au ndugu yake. Kuomba stara si kumdharau mtabibu.

Tatu, utatibiwa. Atakanda misuli, atavuta au kusukuma kiungo taratibu. Ukisikia mlio kama wa kuvunja vidole, usiogope. Mara nyingi ni hewa iliyomo katika majimaji ya kiungo, si mfupa kuvunjika. Ukiumia sana, sema aache. Kisha utafundishwa mazoezi ya nyumbani, na hayo usiyapuuze. Uchovu au maumivu kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida.

Dalili za hatari

Usikubali kuchuliwa wala kunyongwa mgongo, bali wahi hospitali, ukiona haya:

- Kushindwa kuzuia haja, au mkojo kuziba.
- Ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja.
- Miguu kuishiwa nguvu.
- Maumivu makali baada ya kuanguka au ajali.
- Homa, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kwenye uti wa mgongo.

Dalili hizo za mwisho zaweza kuwa za kifua kikuu cha mgongo. Ndiyo, kifua kikuu hushambulia hata mifupa, na si lazima mgonjwa akohoe. Kumkandamiza mtu wa namna hiyo kwaweza kuubana uti wa mgongo hata akapooza. Akipimwa mapema hutibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Hivyo, ndugu msomaji, mtabibu mzuri hutanguliza masikio, kisha mikono. Anayetaka kukunyonga mgongo kabla hajakuuliza swali hata moja, mshukuru na uondoke. Inshaallah tujaaliwe afya njema.