Mpira wa ridhaa: ni ridhaa ya nani?



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, alinifuata kijana mmoja wa hapa Kilwa Kivinje niliyewahi kumfundisha madrasa. Asubuhi ni mvuvi, jioni ni winga. Ameitwa katika timu ya wachezaji wa ridhaa inayokwenda kwenye mashindano nchi jirani, siku kumi na sita kwenda na kurudi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ustadh, nikiwa kule naruhusiwa kupunguza swala?"

Nikamwambia jibu lipo, lakini kwanza anieleze mkewe anasemaje. Akanyamaza. Kumbe mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, habari za safari amezipata kwa muuza maandazi, siku jezi zilipogawiwa.

Nimeona tulizungumze jambo hili hadharani kwa sababu si la kijana huyu peke yake. Tunasema "mpira wa ridhaa" kila siku bila kujiuliza neno lenyewe. Maana yake ni kwamba mchezaji hacheza kwa mshahara, anacheza kwa kupenda mwenyewe. Sawa. Lakini mtu mwenye mke, watoto na wazazi, ridhaa yake peke yake inatosha?

Kabla hatujafika huko, nisieleweke kwamba napiga vita michezo. Uislamu haukuja kuwanyima watu viungo vyao. Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (RA), na Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina naye akiwapo. Mpira kwa asili yake ni halali, madamu aurah imesitiriwa (bukta za siku hizi zina mjadala wake, vaa ya kubana iliyofika magotini ndani yake uondokane na shaka), hakuna kamari, na swala haikupotea. Wala kusafiri kwa ajili ya mpira si jambo geni kwetu. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Babu zetu waliocheza mashindano yale wengi walikuwa makarani, makuli na mafundi walioacha kazi na nyumba zao.

Turudi kwenye ridhaa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimjia Mtume (SAW) akitaka ruhusa ya kwenda kwenye jihadi. Mtume akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaelekezwa afanye jihadi yake kwao. Katika hadithi nyingine ya Ibn Abbas (RA), mtu mmoja alieleza kwamba ameandikishwa katika msafara wa vita na mkewe ametoka kwenda Hija. Mtume (SAW) akamwamuru aende akahiji na mkewe. Tafakari hapo. Jina lake lilishaandikwa kwenye orodha ya jeshi, na jeshi la nani, lakini haki ya mke ikatangulizwa. Sasa wewe ambaye jina lako limeandikwa na kocha kwenye daftari la mistari?

Wapo watakaosema kwamba sisi watu wa pwani tumezoea kuacha nyumba. Ni kweli. Mvuvi wa Kilwa akienda dago hulala visiwani wiki mbili, tatu, hata mwezi. Lakini tuitazame dago yenyewe. Mke anajua mumewe yuko kisiwa gani na chombo cha nani, na anajua kwamba samaki wakipatikana kuna fungu lake. Anaachiwa unga, au jina la duka atakalokopa. Dago ni safari ya kutafuta riziki ya wale wale walioachwa. Mashindano ya ridhaa ni kinyume chake. Mchezaji anaondoka, posho ya kambini inaishia kwenye soda na vocha, na siku kumi na sita hizo jarife linavutwa na wengine. Kwa hiyo anayeigharamia safari si chama cha mpira wala mfadhili aliyenunua jezi. Anayeigharamia ni mwanamke aliyebaki Kivinje bila fungu la samaki, na hakuna aliyemuuliza.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa inamtosha mtu kuwa ni mwenye dhambi akiwapuuza wale walio chini ya ulezi wake. Nafaka, mafuta, kodi ya nyumba na nauli ya kliniki haviondoki kwa kuwa baba yuko uwanjani. Wanazuoni wanasema nafaka ya mke ni deni. Mume asipoitoa, kwa madhehebu yetu ya Shafi inabaki shingoni mwake hata akirudi na kombe.

Ipo pia haki isiyokuwa ya chakula. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (RA) akiwa kwenye doria ya usiku alimsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa jeshini. Akaenda kumuuliza binti yake, Bi Hafsa (RA), mwanamke huweza kumvumilia mume kwa muda gani. Akajibiwa miezi minne, na mapokezi mengine yanataja sita, naye akaweka kikomo cha askari kukaa nje. Khalifa mwenye majeshi Shamu na Iraq aliona aibu kupanga jambo hilo bila kuuliza wanawake.

Mtu atasema siku kumi na sita ni chache. Ni chache kwenye ratiba. Februari 2021 timu ya Namungo ya Ruangwa, mkoani kwetu Lindi, ilikwenda Luanda, Angola, kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika. Hao si wa ridhaa, wanalipwa, lakini yaliyowafika yanaweza kumfika yeyote. Mamlaka za kule zilisema baadhi ya watu wa msafara wamekutwa na Korona, timu ikawekwa karantini, mchezo ukafutwa, na wenzao waliporudi wapo waliobaki nyuma. Mechi zote mbili zikaja kuchezwa Dar es Salaam na Namungo ikavuka kwa jumla ya mabao 7-5, alhamdulillah. Na njia hukatika hata upande wa nyumbani. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, na aliyekuwa ng'ambo akabaki ng'ambo.

Mgeni mashuhuri zaidi aliyewahi kufika Kilwa yetu ni Ibn Battuta, mwaka 1331. Alikuta watu wa dini, wafuasi wa Imam Shafi, na sultani mkarimu. Hayo tunayasoma na kujivunia. Tusichosimulia ni upande wa pili. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, anakwenda Hija. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikwisha kufa miaka kumi na tano nyuma. Alipokaribia nyumbani mwaka 1349 akaambiwa mama yake naye amefariki kwa tauni, muda si mrefu kabla hajafika. Yeye hakuwa na simu. Wewe unayo, na bado kuna wachezaji ambao mama zao wanasikia matokeo redioni.

Sasa nije kwenye swali la kijana, maana nilimwahidi, na wengi wanalikosea. Ruhusa ya kupunguza swala imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 101, na ni sadaka kutoka kwa Allah. Lakini kwa Mashafi, msafiri anayefika mahali akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika pale alipofika. Mchezaji ana ratiba mkononi: mechi tatu za makundi ndani ya siku tisa. Huyo ni mkazi. Atapunguza njiani kwenda na njiani kurudi, lakini kambini ataswali rakaa nne kamili, na ikiwa ni Ramadhani atafunga. Aliyezuiliwa mahali asijue ataachiwa leo au kesho, kila siku akitarajia kuondoka, huyo ana ruhusa ya kupunguza mpaka siku kumi na nane. Tofauti ni hiyo, na Allah ndiye mjuzi zaidi.

Wala mechi ya saa kumi si udhuru. Alasiri kwa kawaida huwa imeshaingia wakati timu inavaa viatu. Swali kwanza, kisha pasha misuli.

Nilipomaliza, kijana akasema kwamba sehemu ya swala ameielewa, ila ile ya mkewe ndiyo nzito. Nikamwambia aende nyumbani.

Ijumaa iliyofuata alikuja na majibu. Mkewe hakukataa. Alitaka mama mkwe ahamie pale nyumbani, unga na mafuta viwekwe kabla ya basi kuondoka, na simu isizimwe. Mwenye chombo amekubali kutoa nusu fungu la siku hizo, alipe akirudi. Kocha alipoombwa atangulize posho alicheka, lakini ametoa.

Wanaondoka Jumanne. Kadi ya kliniki iko kwa mama yake, na ndani yake amekunja nauli ya bajaji.