Kingamwili za Thairoidi: Kipimo Kinachotosha Mara Moja

Karatasi ya majibu kutoka maabara huwa na safu nne: jina la kipimo, namba ya mgonjwa, kizio, na kulia kabisa kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekwenda hospitali kwa uchovu usioisha, uzito unaopanda bila sababu, choo kigumu, na baridi inayomshika hata mchana wa jua kali. Mstari wa kwanza wa karatasi yake unasema TSH 14, wakati kawaida huishia karibu na 4. Mstari wa pili, FT4, ambayo ni homoni ya thairoidi iliyo huru katika damu, uko chini ya kiwango. Mstari wa tatu umeandikwa Anti-TPO: 620, na pembeni yake "chini ya 34". Macho hukimbilia hiyo 620.

Namba iliyopita kiwango mara kumi na nane lazima ishtue, na wengi hutoka maabara wakiamini kwamba ndiyo inayopaswa kushushwa. Sivyo. Dozi ya dawa ya mama huyu itapangwa kwa kuangalia ile 14. Ile 620 imeshamaliza kazi yake siku iliposomwa: imeeleza kwa nini tezi yake imelegea.

Mwili unapojigeuka

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Inasimamiwa na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutoa TSH. Homoni za thairoidi zikipungua, TSH hupanda ili kuisukuma thairoidi. Zikizidi, TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya juu kwa kawaida ni ishara ya tezi dhaifu, jambo linalowachanganya watu wengi wanapolisikia mara ya kwanza.

Ndani ya thairoidi kuna kimeng'enya kiitwacho TPO, ambacho huunganisha iodini na protini iitwayo thairoglobulini. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, kwa baadhi ya watu huviona vitu hivi viwili kuwa vigeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hao wanapatikana zaidi miongoni mwa wanawake. Anti-TPO, yaani kingamwili dhidi ya TPO, huonekana kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ambao tezi zao zinashambuliwa hivi. Anti-Tg, ile ya thairoglobulini, huonekana kwa wachache zaidi. Daktari akiagiza kipimo kimoja tu, kwa kawaida huchagua Anti-TPO. Wapo pia wagonjwa ambao kingamwili zao hazionekani kabisa, na kwao picha ya ultrasaundi ya shingo husaidia.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha kliniki. Waharibifu wakuu wa tezi ni seli nyeupe za damu zinazojazana ndani yake, na kingamwili zinazopimwa ni ushahidi kwamba shambulio lipo. Mwenye 1,200 hana ugonjwa maradufu ya mwenye 600. Anaweza hata kujisikia vizuri zaidi, kama homoni zake ziko sawa.

Aliyeziona seli hizo kwanza ni daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto. Mwaka 1912 alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya thairoidi zilizotolewa kwa upasuaji kwa wanawake wanne. Chini ya hadubini alikuta tezi zimevamiwa na seli nyeupe, hali ambayo haikufanana na rovu la kawaida. Ugonjwa huu leo unaitwa kwa jina lake, lakini yeye baadaye alirudi kwao kutibu watu na kufariki mwaka 1934, bila kujua chanzo cha alichokiona. Jibu lilikuja mwaka 1956. Huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Mwaka huohuo, katika mji wa Buffalo nchini Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walieleza jinsi sungura waliochomwa sindano ya dondoo la thairoidi walivyotengeneza kingamwili, na tezi zao wenyewe zikaharibika. Kabla ya hapo wanasayansi wengi walishikilia kwamba mwili hauwezi kujigeuka.

Mwenye kingamwili lakini hana ugonjwa

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Marekani kati ya 1988 na 1994 ulikuta Anti-TPO kwa asilimia 11.3 ya watu waliosema hawana ugonjwa wowote wa thairoidi. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, nao wakiendelea na shughuli zao.

Je, watu hao wanaelekea kuugua? Jibu bora lilitoka Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kati ya 1972 na 1974 watafiti waliwapima watu wazima 2,779 wa huko, kisha wakawafuatilia kwa miaka ishirini. Wanawake waliokuwa na kingamwili pamoja na TSH iliyopanda walipata upungufu wa homoni kwa kasi ya asilimia 4.3 kila mwaka, na baada ya miaka hiyo ishirini zaidi ya nusu yao walikuwa wameugua. Waliokuwa na kingamwili peke yake, TSH ikiwa sawa, kasi yao ilikuwa asilimia 2.1, yaani kama robo yao kwa miaka ishirini. Wengi wao, basi, hawakuugua.

Takwimu hizo ndizo zinazokipa kipimo thamani. Mtu mwenye TSH ya 6 na kingamwili anahitaji kufuatiliwa kwa karibu kuliko mwenye TSH ya 6 bila kingamwili. Mwenye kingamwili na TSH ya kawaida hahitaji vidonge. Anahitaji kupimwa TSH mara kwa mara, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi dalili zikianza.

Kufukuza namba

Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2019 unasema wazi: Anti-TPO inaweza kupimwa pale TSH inapokuwa juu, lakini isirudiwe. Sababu ni rahisi. Ikishajulikana kwamba kinga ya mwili inaishambulia tezi, kupima tena hakubadilishi matibabu. Kingamwili huweza kushuka polepole kwa miaka mtu anapotumia dawa, na huweza kupanda na kushuka zenyewe. Hakuna dozi inayopangwa kwa namba hiyo.

Zaidi ya hayo, maabara mbili hazipimi kwa mashine moja. Moja huweka mpaka 34, nyingine 9, nyingine 60. Aliyepata 620 Dar es Salaam na 400 Nairobi miezi mitatu baadaye hawezi kusema ugonjwa umepungua. Huenda ni mashine tu imebadilika. Pesa ya kipimo cha tatu au cha nne cha kingamwili ingelipia TSH, ambayo kweli inahitaji kurudiwa.

Namba hii pia imezaa biashara. Seleniamu huuzwa kwa ahadi ya kushusha kingamwili, na ni kweli tafiti kadhaa zimeonyesha zikishuka. Ambacho hakijathibitika ni kwamba mgonjwa hupona au huhitaji dawa kidogo zaidi. Vidonge vya mwani vyenye iodini nyingi ni hatari zaidi. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako rovu lilitokana na ukosefu wa madini joto, chumvi yenye madini joto imeokoa watoto wengi wasizaliwe na udumavu wa akili, na familia ziendelee kuitumia. Lakini mwenye Hashimoto tatizo lake si ukosefu wa iodini. Akiongeza iodini ya ziada juu ya chumvi ya kawaida, anaweza kuidhoofisha tezi zaidi.

Biotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ina madhara ya namna nyingine: haiharibu tezi, inaharibu majibu. Ikitumiwa kwa kiwango kikubwa huweza kuishusha TSH kwenye karatasi na kuzipandisha namba nyingine, hadi mtu mwenye upungufu aonekane ana homoni nyingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Anayetumia vidonge hivyo amwambie mhudumu wa maabara kabla ya kutolewa damu, na aviache kwa siku mbili au zaidi, kama daktari atakavyomwelekeza.

Dawa, na TSH inayoiongoza

Matibabu ni kidonge cha levothairoksini, homoni ileile ambayo thairoidi imeshindwa kutoa ya kutosha. Mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanza na kidogo. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vikae mbali nacho kwa saa nne, kwa sababu hukizuia kufyonzwa. TSH hupimwa tena wiki sita hadi nane baada ya dozi kubadilishwa, na si wiki ya pili, kwa kuwa hushuka taratibu.

Mahali pamoja ambapo kingamwili zina uzito wa pekee ni ujauzito. Mwanamke mwenye Anti-TPO, hata kama TSH yake ni ya kawaida, anaweza kuishiwa na homoni mimba inapokua, na baada ya kujifungua yumo katika hatari kubwa zaidi ya thairoidi kuvurugika. Utafiti wa Uingereza uitwao TABLET, uliochapishwa 2019, uliwapa levothairoksini wanawake wenye kingamwili na homoni za kawaida ambao mimba zao ziliwahi kuharibika au waliochelewa kupata mimba. Waliopata dawa walijifungua watoto hai kwa asilimia 37.4, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 37.9. Kwa hiyo kingamwili peke yake si sababu ya kuanza dawa. Ni sababu ya kupimwa TSH kila baada ya wiki nne hivi katika nusu ya kwanza ya ujauzito.

Kwa anayetumia levothairoksini tayari, mahitaji hupanda mapema, mara nyingi kabla ya hudhurio la kwanza la kliniki. Asisubiri tarehe ya kadi. Akishajua ana mimba, aende wiki hiyohiyo na karatasi zake za zamani, ikiwemo ile ya kingamwili, amwonyeshe mkunga, na aombe TSH ipimwe siku hiyo.