Kazi Ndogo na Ufundi wa Mkono

Ndugu zetu wasomaji, katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo watu wa miji yetu ya pwani huliona dogo, nalo ni kubwa: namna mtu mwenye pato haba awezavyo kuongeza riziki yake kwa kibarua cha halali au kwa ufundi mwepesi. Mifano yetu tutaitoa Homa Bay na Migori, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kwa kuwa huko faida ya mambo haya na hatari yake zaonekana wazi. Na katika mji wa Kendu Bay, ulio Homa Bay, kuna Waislamu tangu zamani; basi tusidhani kuwa twazungumza habari za watu wasiotuhusu.

Kwanza yafaa tuiondoe aibu. Wako vijana katika mitaa yetu ambao hukaa barazani tangu alasiri hata isha, na mtu akiwaambia wakachukue mizigo au wakatengeneze nyavu, hujibu kwamba kazi hiyo si ya watu wa kwao. Lakini watu wa kwao ndio wawalishao! Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimfadhilisha mtu achukuaye kamba yake akaleta kuni mgongoni akaziuza, kuliko yule aombaye watu, wampe au wamnyime. Na Bibi Zaynab binti Jahsh, mkewe Mtume, alikuwa akidabighi ngozi na kushona kwa mkono wake, na pato lake akilitoa sadaka. Basi harufu ya samaki katika mkono si aibu. Aibu ni mkono ulionyooshwa kwa watu ilhali una nguvu.

Pili, twapaswa kujua kwa nini kazi moja haitoshi. Tuwatazame wavuvi wa Mbita, Rusinga na Muhuru Bay. Omena, ambao sisi twawaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa; zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua. Samaki huifuata taa katika giza. Mwezi ukiwa mpevu, nuru huenea juu ya maji, taa haiwavuti tena, na vyombo hurudi na kidogo. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi serikali ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili mpaka Julai, ili samaki wapate kuzaana. Basi mwenye kutegemea wavu peke yake, njaa yake ina tarehe inayojulikana. Ajabu ni kwamba tarehe hiyo humjia kila mwaka kana kwamba hakuambiwa.

Lakini wenye akili hujitayarisha. Huyu ajua kuseremala, hukaa ufuoni akitia mbao mpya na kukalafati mashua za wenziwe. Yule ajua kushona nyavu zilizoraruka. Wanawake hukata mafunjo wakafuma majamvi. Wengine hulima njugu, au viazi vitamu kama vile vya Kabondo vinavyosifika. Huko Awendo, penye mashamba ya miwa, wako wapatao vibarua vya kukata na kupakia. Hakuna katika kazi hizi iliyohitaji cheti kikubwa. Zote zahitaji mwalimu, subira ya miezi michache, na mtu asiyeona haya kuwa mwanafunzi. Nasi pwani tunazo zetu: kusuka makuti na mikeka, kushona kofia, kupika vitafunio, kutengeneza baiskeli.

Tatu, na hapa ndipo penye roho ya somo letu: jitahidi uwe na chombo chako mwenyewe, hata kikiwa kidogo. Kwenye fuo za ziwa hilo kuna mila mbaya iitwayo jaboya. Mwanamke mchuuzi huja na fedha yake kununua samaki, na mwenye samaki humwambia kwamba hampi mpaka awe naye. Watu wengi huwalaumu wanawake hao. Sisi twasema lawama ya kwanza ni ya yule aliyeigeuza shida ya mwenzake kuwa njia ya kumdhalilisha. Maradhi ya UKIMWI yameziua jamaa nyingi za sehemu hizo, na mila hii ni mojawapo ya njia zake.

Dawa yake ni nini? Mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru, upande wa Kisumu, walisaidiwa wakapata mashua zao. Wakawaajiri wavuvi, na samaki wakawa wao. Waliokuwa wakisimama kungoja hisani ya mwenye chombo wakawa wao ndio wenye chombo. Ziwa lilipofura mwaka 2020, mafuriko yaliwaharibia mengi. Nalo ni funzo la pili, kwamba chombo bila akiba hakijakamilika. Na mwenye kutoa fedha mbele kabla ya kupewa samaki na aifuate kanuni aliyoiweka Mtume alipowakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla ya msimu: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Ayaandike hayo, wala asitegemee maneno matupu.

Nne, hesabu. Tuseme mama amenunua omena kwa shilingi 2,000. Nauli ni 300. Gunia na ushuru ni 150. Akauza gorogoro kwa gorogoro mpaka akapata 2,900. Atasema amepata faida ya 900. Sivyo: faida yake ni 450. Akitumia 600 nyumbani, amekula 150 katika rasilmali, na hajui. Safari kumi hazitimii ila rasilmali imekaribia kwisha. Hapo ndipo wengi wetu husema biashara imeingiwa na kijicho, wakaenda kwa mganga, naye akaimaliza ile iliyobaki! Wallahi dawa ya maradhi haya ni daftari na kalamu. Andika ulichotoa, andika ulichopata, na rasilmali uifunge mbali na fedha ya mboga.

Tano, si kila pato ni pato. Katika Migori, upande wa Macalder, watu huchimba dhahabu kwa mikono. Wengi huichanganya mchanga wake na zebaki ili dhahabu ishikamane, kisha huichoma. Moshi wake ni sumu ya ubongo na mishipa, nayo humdhuru zaidi mtoto mchanga na aliye tumboni. Wako wanawake waishikao zebaki kwa mikono mitupu, kisha wakarudi kupika. Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kuipunguza sumu hii, ukaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki. Sheria yetu imekataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine. Basi kazi itakayompa baba shilingi leo na kumpa mwanawe ulemavu kesho, huyo baba hajafanya biashara. Ameuza asichokuwa na haki ya kukiuza.

Ndugu zetu, tunawausia mambo machache. Kila nyumba na imfundishe kijana wake, mume au mke, ufundi mmoja wa mkono juu ya elimu yake ya chuoni na shuleni. Kila mwenye ufundi na achukue mwanafunzi mmoja bila ya kumtoza. Na katika kila msikiti na patengwe fedha kidogo za kuwanunulia wahitaji vyombo vya kazi, cherehani, nyavu au msumeno, ziwe mkopo usio na riba, urudishwe polepole ili mwingine apate. Sadaka ya chakula huliwa ikesha jioni; sadaka ya msumeno hulisha mwaka.

Wabillahi tawfiq.