HAKI YA MTOTO ANYONYAYE, NA WAJIBU WA WALIO KANDO YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwekea mtoto mchanga riziki yake katika kifua cha mamake kabla hajaota jino; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Mtoto akikonda mtaani, watu humnyoshea mamake kidole. Husemwa kwamba hana uangalifu, kwamba amemwachisha ziwa mapema, kwamba ampa uji mwepesi naye bado mchanga. Aghalabu maneno hayo ni kweli. Lakini ni wachache waulizao ni jambo gani lililompeleka mama huyo kutenda alivyotenda. Na thamani ya swali hilo aliijua Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, usiku mmoja katika mji wa Madina.

Umar alikuwa Khalifa tangu mwaka 634 hata mwaka 644 wa Miladi. Katika zama zake Waislamu walipewa posho kutoka Beitulmali, kila mtu kwa daraja yake, na mtoto hakuandikwa daftarini ila baada ya kuachishwa ziwa. Kwa kuitazama juu juu, kanuni hii haikuwa na dhulma, kwani anyonyaye hali chakula cha watu.

Ibn Saad apokea katika Tabaqat kwamba msafara wa wafanya biashara ulifika Madina ukatua penye uwanja wa kusalia. Umar akamwomba Abdurrahman bin Auf wakeshe pamoja kuwalinda wageni wale na wezi. Wakakaa wakilinda na kusali. Mara Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mamake, akamwambia amche Mungu na amtendee mwanawe wema; kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena. Akaenda tena, akasema yale yale. Usiku ulipokaribia kwisha akamsikia mara ya tatu, naye sasa amekasirika, akamwambia yule mwanamke kwamba yeye ni mama mbaya: mwanawe ana nini hata asitulie usiku kucha?

Mwanamke hakujua asemaye naye ni nani. Akajibu kwamba mtu huyu amemchosha kwa maneno. Yeye anamlazimisha mtoto kuacha ziwa, na mtoto hataki. Akaulizwa sababu. Akasema ni kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyekwisha kuachishwa. Akaulizwa mtoto ana umri gani, akautaja kwa miezi. Umar akamwambia asimharakishe.

Alfajiri akasalisha, na watu hawakuweza kuyapambanua aliyoyasoma kwa vile alivyokuwa akilia. Alipotoa salamu akajilaumu mbele yao kwa watoto wa Kiislamu waliokufa kwa sababu ya amri yake. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani kila azaliwaye katika Uislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa. Na maliwali wa kila upande wakaandikiwa hivyo. Riwaya hutaja dirham 100 kwa mtoto mchanga, zikizidishwa akua.

Katika khabari hii liko jambo ambalo wengi hulipita. Mara mbili za kwanza Umar alikwenda na mawaidha. Mawaidha yale yalikuwa ya haki, yakatoka katika kinywa cha mbora wa watu wa zama zake, wala hayakumnyamazisha mtoto. Kilio kilikoma alipouliza sababu, na sababu ikaonekana haiko kwa mama bali daftarini.

Sharia nayo haikumwachia mama mzigo huu peke yake. Aya ya 233 ya Sura ya Bakara, iliyotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, papo hapo yamwekea baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Na baba asipokuwapo, yamwekea mrithi mfano wa hayo. Hata aliyeachwa, akinyonyesha, hulipwa ujira wake, kama ilivyo katika Sura ya Talaka, aya ya 6. Na Ramadhani, iliyo nguzo, mnyonyeshaji ameruhusiwa kufungua akimchelea mwanawe, apate kulipa baadaye.

Matabibu wa leo husema kwamba mtoto apewe dang'a tangu saa ya kwanza, wala isikamuliwe ikamwagwa kama wafanyavyo baadhi ya watu. Kisha anyonye tu, bila ya maji wala uji, mpaka miezi 6. Baada yake apewe vyakula huku akinyonya hata miaka miwili au zaidi. Asali isimpate mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu viwezavyo kuzalisha sumu tumboni mwake. Na mwenye kutaka kufanya tahniki, tende iko.

Watu wa pwani wana ada njema ya arubaini. Mzazi hukandwa, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hafui wala hapiki. Dada na mashangazi humzunguka. Siku ya 41 wote hurudi makwao. Muuza vitumbua hurudi jikoni mwake alfajiri, na mtoto huachiwa nduguye wa miaka minane pamoja na kikombe cha uji. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa siku 84 za uzazi, lakini muuza vitumbua hana tajiri wa kumpa ruhusa.

Basi akiwa fakiri au maskini, yumo katika wanaostahiki zaka, na hapana haja ya kungoja mtoto augue ndipo apewe. Kinachotakikana si kikubwa: msikiti uwe na daftari ya waliojifungua, na wanawake wawili watatu wenye kuaminiwa wabishe hodi siku ile ya 41, si kwa mawaidha, bali kuuliza ni nini kitakachomtoa nyumbani kesho, na kwa siku ni kiasi gani.